Uigaji wa viungo vya bolti katika uchanganuzi wa mitetemo

Uigaji wa viungo vya bolti ni kazi ya kuwakilisha, ndani ya modeli ya kompyuta, sehemu ambazo vipande viwili au zaidi vya mashine, daraja au mnara vimebanwa pamoja kwa bolti na nati, ili kukadiria jinsi kitu chote kitakavyotetemeka. Kazi hiyo hufanywa hasa kwa mbinu ya elementi, yaani mbinu ya kukigawa kitu kizima katika vipande vidogo sana vinavyoweza kuhesabiwa kimoja kimoja. Wahandisi huihesabu kuwa miongoni mwa sehemu ngumu zaidi za fani yao, kwa sababu chuma chenyewe kinajulikana vizuri lakini mahali ambapo chuma kinakutana na chuma hapajulikani vizuri.

Katika bonde la mto Rufiji nchini Tanzania viungo vya aina hii vipo kila mahali: katika turbini za Bwawa la Julius Nyerere, katika minara ya umeme inayotoka huko, katika bomba la gesi linalopita wilaya za Rufiji na Kibiti, katika mashine za kukoboa mpunga, na katika boti za injini zinazozunguka kwenye mikoko ya delta. Ukubwa wake unatofautiana sana, ila fizikia yake ni ileile.

Mbinu ya elementi na mitetemo

Kila kitu chenye uzito na unyumbufu kina masafa asilia, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde ambayo hupendelea kutetemeka kwayo kikigongwa na kuachwa. Masafa hupimwa kwa hezi (Hz). Hezi 1 ni mtetemo mmoja kwa sekunde. Kitu kikubwa kina masafa asilia mengi, na kila moja lina umbo lake la mtetemo: la kwanza huenda likawa kuyumba kwa kitu chote, la pili kujipinda katikati, na kuendelea. Kani ya nje ikija na masafa yaliyo karibu na mojawapo ya masafa asilia, mtetemo hukua mno. Hali hiyo huitwa resonansi.

Mbinu ya elementi ilianza kutumika katika miaka ya 1950 kwenye hesabu za mabawa ya ndege. Mwaka 1956 M. J. Turner, Ray Clough na wenzao walichapisha makala iliyoiweka wazi, na mwaka 1960 Clough ndiye aliyeipa jina inalojulikana nalo hadi leo. Elementi huunganishwa kwenye nukta ziitwazo nodi. Kompyuta hukusanya masi ya elementi zote katika jedwali moja kubwa la namba na ukakamavu wake katika jedwali jingine, kisha hutafuta masafa ambayo kani za ukakamavu na za masi zinalingana. Hesabu hii hudai sharti moja: ukakamavu usibadilike kufuatana na ukubwa wa mtetemo. Chuma kigumu hutimiza sharti hilo. Kiungo cha bolti hakilitimizi kikamilifu, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Kiungo cha bolti kinavyofanya kazi

Wengi hudhani bolti hufanya kazi kama msumari, yaani huzuia vipande visiteleze kwa kuwa imepita katikati yake. Katika kiungo kilichokazwa vizuri sivyo ilivyo. Nati ikikazwa, bolti huvutika kidogo kama springi ngumu sana, na mvuto huo hubana vipande. Kinachozuia visiteleze ni msuguano kati ya nyuso mbili zilizobanwa. Mvuto uliowekwa wakati wa kukaza huitwa mkazo wa awali, na karibu kila tabia ya kiungo hutokana na huo.

Kwa mfano, bolti ya M20 ya daraja la 8.8, ambayo ni ya kawaida katika ujenzi wa chuma, ina eneo la kubeba mvuto la milimita za mraba 245. Kiwango ambacho chuma chake huvutika bila kubaki kimerefuka ni karibu megapaskali 600. Ikikazwa hadi asilimia 75 ya kiwango hicho, inabana kwa kani ya takriban kilonewtoni 110, sawa na uzito wa tani 11. Ikiwa kizio cha msuguano kati ya nyuso ni 0.2, bolti hiyo moja inaweza kuzuia kani ya kuteleza ya takriban kilonewtoni 22 kabla ya vipande kusogea.

Ili kufikia mkazo huo, spana inahitaji kuzungusha kwa torki ya karibu newtoni-mita 440. Lakini sehemu ndogo tu ya torki, kama asilimia 10, ndiyo inayoivuta bolti. Iliyobaki yote huliwa na msuguano, nusu hivi chini ya nati na nyingine kwenye meno. Mafuta kidogo, kutu kidogo, au washa yenye mchanga hubadilisha mgawanyo huo. Kwa hiyo hata fundi mwenye spana ya torki anaweza kupata mkazo unaopishana na alioukusudia kwa asilimia 30 juu au chini. Fundi anayekaza kwa mkono na kuongeza bomba kwenye mpini wa spana hupata tofauti kubwa zaidi. Mchoraji wa modeli anayeandika "110" kwenye kompyuta yake anapaswa kukumbuka kwamba namba hiyo ni matarajio.

Jambo la pili ni eneo linalobanwa. Shinikizo halienei sawasawa kwenye uso wote wa bamba. Huanzia chini ya kichwa cha bolti na kupanuka ndani ya chuma kama koni, kwa pembe inayokadiriwa kuwa nyuzi 30. Kichwa cha M20 kina upana wa milimita 30. Bamba likiwa na unene wa milimita 20, duara lililobanwa kwa kweli kwenye uso wa kukutana lina kipenyo cha milimita 53 hivi. Nje ya duara hilo vipande vinaweza kuwa vimegusana tu, au hata kuachana kwa nafasi isiyoonekana kwa macho.

Mtelezo mdogo na ufifishaji

Kiungo kinapotetemeka, nyuso zake haziondoki zote mara moja. Katikati, karibu na bolti, shinikizo ni kubwa na nyuso hushikamana. Pembeni shinikizo ni dogo na nyuso huteleza kwa umbali mdogo mno, chini ya unene wa unywele. Mtelezo huu mdogo ulielezwa kihesabu na Mwitalia Carlo Cattaneo mwaka 1938, na kwa njia yake mwenyewe na Raymond Mindlin nchini Marekani mwaka 1949. Wote wawili walichunguza mipira miwili inayobanwa na kusukumwa kando, wala si bolti, lakini picha waliyoitoa ya kitovu kilichoshikamana na ukingo unaoteleza ndiyo inayotumika hadi leo.

Mtelezo mdogo una matokeo mawili. La kwanza ni kwamba hula nishati: kila mzunguko wa mtetemo hugeuza sehemu ya nishati kuwa joto. Kupotea huku kwa nishati huitwa ufifishaji. Chuma kitupu hufifisha kidogo sana, ndiyo maana kengele hulia kwa muda mrefu. Jengo la chuma lililofungwa kwa bolti halilii kama kengele, kwa sababu sehemu kubwa ya ufifishaji wake inatoka kwenye viungo. Kwa kawaida viungo huongeza uwiano wa ufifishaji kutoka sehemu ndogo ya asilimia moja hadi asilimia moja, mbili au zaidi. Tofauti hiyo ina uzito. Kwenye resonansi, mtetemo hukuzwa mara 100 ikiwa uwiano wa ufifishaji ni 0.005, na mara 25 tu ikiwa ni 0.02.

Tokeo la pili ni kwamba kiungo hubadilika kufuatana na nguvu ya mtetemo. Mtetemo ukiongezeka, eneo linaloteleza hupanuka, ukakamavu hupungua kidogo na ufifishaji huongezeka. Katika kitu kinachofuata sharti la hesabu rahisi, nishati inayopotea kwa mzunguko hukua kwa mraba wa ukubwa wa mtetemo. Katika viungo hukua haraka zaidi, kwa kipeo kilicho kati ya 2 na 3. Ndiyo maana mashine ikipimwa kwa kugongwa kidogo kwa nyundo hutoa namba moja, na ikipimwa inapofanya kazi hutoa nyingine. Hakuna kipimo kilichokosewa kati ya hivyo viwili.

Njia za kuiga

Njia ya kwanza, na inayotumiwa na wengi wanaoanza, ni kuvigandisha vipande viwili kwenye uso wote wa kukutana kana kwamba vimechomelewa. Ni rahisi na hesabu huisha upesi. Kasoro yake ni kwamba kitu huonekana kikakamavu kuliko kilivyo, hivyo masafa yote yanayotoka ni ya juu kupita kiasi. Kosa hili huelekea upande mmoja daima, na kwa kuwa picha za rangi zinazotoka kwenye programu ni nzuri vilevile, halijionyeshi lenyewe.

Marekebisho madogo yenye faida kubwa ni kugandisha duara tu linalozunguka kila bolti, kwa kipenyo kilichopatikana kwa koni ya shinikizo, na kuacha sehemu nyingine huru. Katika kazi nyingi za kawaida hatua hii peke yake huondoa sehemu kubwa ya kosa. Kinachofanana nayo ni kuweka bolti kama fito jembamba lenye urefu na kipenyo chake halisi, na kuunganisha ncha zake na kingo za tundu kwa viungo visivyopinda. Hapa tahadhari inahitajika: viungo visivyopinda navyo huongeza ukakamavu wa uongo vikiwekwa kwenye eneo pana mno.

Njia nyingine huacha umbo la bolti kabisa na kuweka springi mahali pake. Kila kiungo hupewa springi sita, tatu za kusukuma na kuvuta katika pande tatu na tatu za kupinda na kuzunguka, na kando ya kila springi huwekwa kifaa cha kufifisha, mfano wa shokapu ya gari. Uzuri wa njia hii ni uwazi wake: mhandisi anajua hasa namba gani anazikisia, na anaweza kuzirekebisha baada ya kupima. Tatizo ni kwamba namba hizo hazipatikani kwenye kitabu chochote. Kiungo kilekile kikiwa na bamba nene kidogo au bolti zilizosogezwa huhitaji namba mpya. Wengine huchukua njia ya kati kwa kujaza uso wa kukutana na tabaka jembamba la elementi zenye chuma cha kubuni, laini kuliko chuma halisi. Tabaka hilo husambaza ulaini wa kiungo kwenye eneo lote badala ya kuukusanya kwenye nukta.

Modeli kamili huchora bolti, nati, washa na bamba kwa umbo lake lote, kisha huendeshwa kwa hatua mbili. Kwanza bolti hukazwa ndani ya kompyuta na programu hutafuta mahali nyuso zinapobanana na zinapoachana. Pili, hali hiyo hugandishwa ilivyo na masafa asilia hutafutwa kwa hesabu ya kawaida. Meno ya bolti kwa kawaida hayachorwi, kwa kuwa yangehitaji elementi nyingi bila kubadilisha masafa. Silinda laini iliyogandishwa ndani ya nati inatosha. Modeli kamili hutoa ukakamavu mzuri, lakini kwa kugandisha nyuso inatupa mtelezo mdogo, na pamoja nao ufifishaji wote. Gharama yake kubwa huwadanganya watu wakadhani kwamba imejibu kila swali.

Anayehitaji ufifishaji na mabadiliko yake analazimika kutoka kwenye hesabu rahisi. Kipande cha msingi cha modeli hizo ni springi iliyofungwa kwa mfululizo na kitu kinachoteleza kwa msuguano: hadi kani fulani springi hujibu, ikizidi hapo kitu huteleza. Kimoja peke yake hushika au huteleza tu. Mwaka 1966 Wilfred Iwan alionyesha kwamba vingi vyake vikiwekwa sambamba, kila kimoja na kikomo chake cha kuteleza, hutoa mabadiliko ya polepole yanayofanana na ya kiungo halisi. Daniel Segalman wa maabara ya Sandia nchini Marekani aliikuza modeli hiyo mwaka 2005 hadi kuhitaji vigezo vinne tu, na toleo hilo ndilo linalotajwa sana katika maandishi ya siku hizi. Modeli ya Bouc na Wen, iliyotokana na kazi za 1967 na 1976, hufikia lengo karibu na hilo kwa mlinganyo mmoja laini.

Programu za biashara za kazi hii ni ghali, lakini zipo pia za bure zenye msimbo huria. CalculiX, iliyoandikwa na Guido Dhondt na Klaus Wittig nchini Ujerumani, na Code_Aster ya shirika la umeme la Ufaransa EDF zote zina uwezo wa kukaza bolti, kushughulikia nyuso zinazogusana na kutafuta masafa asilia. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kufanya hatua zote zilizoelezwa hapo juu, isipokuwa kwa vitu vikubwa mno.

Mfano wa mashine ya kukoboa mpunga

Rufiji na Kibiti hulima mpunga kwenye mabonde yanayofurika, na mashine za kukoboa ziko katika miji na vijiji vingi. Mfano ufuatao ni wa kufundishia, lakini ukubwa wa namba zake ni wa kawaida.

Injini ya dizeli ya silinda moja yenye masi ya kilo 150 imefungwa kwa bolti kwenye fremu ya chuma. Huzunguka mara 2200 kwa dakika, yaani mara 36.7 kwa sekunde, na kwa kuwa ina silinda moja husukuma fremu yake kwa nguvu kila mzunguko. Mchoraji anaiga fremu na injini kama kitu kimoja kilichochomelewa, na kompyuta inatoa masafa asilia ya hezi 48. Anaridhika, kwa kuwa hezi 48 ziko mbali na 36.7.

Masafa hayo yanalingana na ukakamavu wa newtoni milioni 13.6 kwa mita. Sasa chukulia kwamba viungo vinne vya bolti, kwa sababu ya bamba jembamba na washa ndogo, vina ukakamavu wa pamoja wa newtoni milioni 18 kwa mita. Namba hiyo ni kubwa kuliko ya fremu yenyewe, na kwa macho hakuna anayeweza kuona kiungo kikisogea. Lakini fremu na viungo vimefuatana kama springi mbili zilizofungwa ncha kwa ncha, hivyo ukakamavu wa jumla unakuwa newtoni milioni 7.8 kwa mita tu. Masafa asilia halisi ni hezi 36.2. Injini inafanya kazi karibu kabisa na resonansi, na modeli ilisema iko salama.

Mwenye mashine hataona hesabu hii. Ataona fremu inayotikisika, nati zinazolegea kila wiki, na ufa kwenye kona ya bamba. Mara nyingi dawa inayojaribiwa ni kuongeza chuma kwenye fremu. Katika mfano huu hata fremu ikifanywa kakamavu mara mbili, masafa hupanda hadi hezi 43 hivi, kwa sababu ulaini uko kwenye viungo. Bamba nene chini ya kichwa cha bolti, washa pana na bolti zilizokaribia miguu ya injini husaidia zaidi kwa chuma kidogo.

Kupima

Kwa kuwa namba za kiungo hazijulikani kabla, modeli hupimwa dhidi ya kitu halisi. Kipimo cha kawaida hutumia nyundo yenye kifaa cha kupima kani kichwani na vipima mchapuko vidogo vilivyobandikwa kwenye mashine. Nyundo hugonga, vipima husoma, na kompyuta hutenganisha masafa, ufifishaji na maumbo ya mitetemo. Kanuni yake haina tofauti na ya fundi anayegonga kiungo na kusikiliza, kwani kilicholegea hutoa sauti nzito inayokufa haraka.

Utaratibu unaofaa ni kupima kila kipande peke yake kwanza, kikiwa kimening'inizwa kwa kamba laini. Modeli ya kipande ikilingana na kipimo, chuma, unene na uzito wake haviwezi tena kulaumiwa. Kisha vipande hufungwa na kupimwa pamoja, na tofauti yoyote inayobaki ni ya kiungo. Wanaoruka hatua ya kwanza hujikuta wakirekebisha springi za viungo ili kufidia kosa la unene wa bamba. Modeli itakubaliana na kipimo hicho kimoja na kukosea kila kitakachofuata. Baada ya hapo inafaa kufungua bolti zote, kuzifunga upya na kupima tena. Matokeo hayatarudi yaleyale kamili, na ukubwa wa tofauti ndio unaoonyesha modeli inaweza kuaminiwa hadi tarakimu ya ngapi.

Kulegea na uchovu wa metali

Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba kinachofungua nati zaidi ni mtetemo wa kando, unaotelezesha vipande kukata mhimili wa bolti, kuliko mtetemo unaofuata mhimili huo. Nyuso zikianza kuteleza, msuguano wa meno hushindwa kuizuia nati isizunguke, na mkazo hupotea kidogo kidogo. Mashine aliyoibuni kwa majaribio hayo bado hutumika kupima nati na washa za kuzuia kulegea.

Mkazo ukipotea, bolti huingia katika hatari nyingine. Katika kiungo kilichokazwa, bamba zilizobanwa ni kakamavu kuliko bolti, hivyo sehemu ndogo tu ya kani inayobadilika ndiyo inayoifikia bolti. Kikilegea, bolti hubeba karibu kani yote, mamilioni ya mara. Ufa huanza kwenye mzizi wa meno na kukua hadi bolti inakatika ghafla. Huo ndio uchovu wa metali.

Mifano katika bonde la Rufiji

Bwawa la Julius Nyerere, juu ya mto Rufiji, lina turbini 9 za aina ya Francis zenye megawati 235 kila moja, jumla megawati 2115. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, na turbini ya kwanza ilianza kuzalisha umeme Februari 2024. Katika turbini za Francis zilizosimama wima, mfuniko mkubwa wa chuma ulio juu ya gurudumu kwa kawaida hufungwa kwa bolti nyingi kwenye duara, na ndio unaozuia maji yenye shinikizo yasipande kwenye ukumbi wa mitambo. Turbini ikiendeshwa chini ya uwezo wake, maji yanayotoka chini ya gurudumu hujisokota kama kamba na kusukuma mitambo kwa masafa ya sehemu ya 0.2 hadi 0.4 ya kasi ya mzunguko. Modeli ya mfuniko lazima pia ihesabu maji yaliyougusa, ambayo hutetemeka pamoja nao na kushusha masafa yake.

Uzito wa jambo hili ulionekana mbali na Afrika. Tarehe 17 Agosti 2009, katika kituo cha Sayano-Shushenskaya kwenye mto Yenisei nchini Urusi, mfuniko wa turbini namba 2 uling'oka, maji yakafurika ukumbini na watu 75 wakafa. Mfuniko ulikuwa umeshikwa na bolti 80. Kati ya bolti 49 zilizopatikana na kuchunguzwa, 41 zilikuwa na nyufa za uchovu wa metali, na angalau 6 zilionekana kuwa hazikuwa na nati. Turbini ilikuwa ikipitishwa mara kwa mara katika kiwango cha uzalishaji ambacho mtetemo wake ni mkubwa. Tangu wakati huo bolti za mifuniko hukaguliwa kwa mawimbi ya sauti katika vituo vingi duniani.

Umeme wa bwawa hupelekwa Chalinze kwa njia ya kilovoti 400 iliyobebwa na minara ya vyuma vyembamba vilivyofungwa kwa bolti. Matundu ya bolti za minara huwa mapana kuliko bolti kwa milimita moja au mbili ili mafundi waweze kuunganisha wakiwa juu. Upepo mkali ukivizidi nguvu viungo, kila kimoja huteleza ndani ya nafasi hiyo, na mnara mzima hupinda zaidi kuliko modeli ya viungo vilivyogandishwa inavyosema. Hapa mtelezo si mdogo tena, na njia ya springi za kawaida haifai.

Bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 2015, limechomelewa kwa sehemu kubwa ya urefu wake. Viungo vya bolti katika mabomba ya namna hiyo hukusanyika kwenye vituo vya vali, ambako flanji hubana gasketi. Gasketi ni laini na hulegea kadiri siku zinavyopita, kwa hiyo ukakamavu wa flanji ya leo si ule wa siku ilipofungwa.

Katika delta yenyewe, iliyo na takriban hekta 53,000 za mikoko, adui mkubwa ni chumvi. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani SMS Königsberg ilijificha huko baada ya kuvunjika kipande kinachounganisha mpini wa pistoni na konrodi katika mojawapo ya injini zake. Sehemu zilizoharibika zilisafirishwa kwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam kutengenezwa. Mabati ya meli za zama hizo yaliunganishwa kwa ribiti zilizopigwa zikiwa za moto, ambazo zikipoa hunywea na kubana; kwa mtazamo wa mitetemo, ribiti ni bolti ambayo mkazo wake haujulikani na hauwezi kurekebishwa. Manowari hiyo ilizamishwa na mabaharia wake mwenyewe Julai 1915 baada ya mashambulizi ya Waingereza.

Boti za leo zinazounganisha Nyamisati na vijiji vya visiwani hubeba injini kwenye mbao. Ubao hufanya kiungo kuwa kigumu zaidi kuiga, kwa kuwa huvimba ukilowa, husinyaa ukikauka na hubonyea chini ya washa. Bolti iliyokazwa sawasawa kwenye ubao mbichi hupoteza sehemu kubwa ya mkazo ndani ya siku chache bila nati kuzunguka hata kidogo. Kutu nayo hucheza pande mbili: mwanzoni huongeza msuguano na kiungo huonekana kimeshika, kisha hula meno na kuacha nafasi. Mafundi wa boti huweka washa pana au kipande cha bamba chini ya kichwa cha bolti, hutumia bolti zilizopakwa zinki, na hukaza tena baada ya safari za kwanza. Anayeiga kiungo kama hicho hufanya hesabu mara mbili, mara moja na ukakamavu wa ubao uliokauka na mara ya pili na wa ubao uliolowa, na hutafuta kasi ya injini isiyokutana na masafa asilia ya hali yoyote kati ya hizo mbili.